Re: Goti linauma na jamaa wa jimu ananiuzia poda, nifanyeje?

Mdogo wangu, umechanganya mambo mawili, goti unalosema linauma ukikimbia Raskazone na lile kopo la poda ya kujenga misuli la jamaa wa jimu. Kila moja lina mtu wake.

Goti nenda hospitali ya Bombo ukamuone daktari au mtu wa fiziotherapia, mwambie linauma saa ngapi, ukishuka ngazi au ukianza tu kukimbia, na wiki hizi umeongeza mazoezi kiasi gani maana wengi wanaumia kwa kuongeza ghafla. Likivimba au likikwama halinyooki usisubiri. Na hiyo dawa ya maumivu, diklofenaki, unayomeza ndo ucheze mechi acha, unaficha maumivu tu, na figo zinapata tabu hasa ukiwa umetoka jasho jingi, na joto letu hili la Tanga si unalijua.

Haya poda sasa. Watu wa lishe ya michezo wanasema mchezaji anahitaji protini kama gramu 1.4 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wewe na kilo 60 zako ni kama gramu 84 hadi 120, yai moja lina kama 6, ongeza dagaa, maharage, samaki, maziwa unafika bila kopo. Kriatini, kirutubisho kingine cha wanamichezo, kweli imefanyiwa utafiti mwingi na inasaidia nguvu, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ila kopo lisilo na lebo ya kueleweka mrudishie mwenyewe, mengine yamekutwa na steroidi ndani, dawa za kukuza misuli zilizokatazwa michezoni, na kwa sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, ukipimwa ukakutwa nayo kesi ni yako, mambo ya "mi niliuziwa tu" hayakuokoi.