Mbona chanjo ya kipindupindu tunainywa, ya taifodi inachomwa?

Wiki hii maswali mengi yamehusu tumbo. Haya manne nimeona yasisubiri.

Mimi nilinyweshwa chanjo ya kipindupindu. Mtoto wa mdogo wangu aliyeolewa Malawi amechomwa sindano ya taifodi. Yote si magonjwa ya tumbo? (Mama, Kyela)

Mama, ni ya tumbo, ila bakteria hawa wawili hawakai mahali pamoja. Wa kipindupindu haingii kwenye damu. Hung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba na kumwaga sumu, na sumu hiyo huufanya utumbo utoe maji ya mwili kwa kasi, hata mtu akaishiwa ndani ya saa chache. Kwa hiyo kinga inatakiwa palepale utumboni. Chanjo ya kunywa ina bakteria waliokwisha kuuawa. Utumbo huitambua sura yao na kuanza kutoa kingamwili, yaani protini za mwili za kunasa vijidudu, zinazokaa kwenye ute. Akija aliye hai, hunaswa kabla hajashika ukuta.

Wa taifodi huupenya ukuta, akaingia kwenye damu, kisha akajificha kwenye ini, wengu na uboho. Huyo inafaa asubiriwe damuni, ndiyo sababu ya sindano. Sindano huufundisha mwili kwa ganda lake la sukari, na hapo palikuwa na tatizo: mwili wa mtoto mdogo hauishtukii sukari tupu. Wataalamu wakaiunganisha na protini, mwili ukaamka na kukumbuka. Kule Blantyre, Malawi, waliijaribu chanjo hiyo kwa watoto zaidi ya 28,000, ikapunguza taifodi kwa takriban asilimia 80. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeipendekeza tangu 2018, na Malawi wakaiweka kwenye ratiba ya watoto mwaka 2023. Mtoto wa mdogo wako, ng'ambo ya mto Songwe, amepata kitu cha maana sana.

Nimeshachanjwa kipindupindu. Maji yetu yanatoka mlimani, ni baridi na meupe. Bado nichemshe? (Tukuyu)

Chemsha. Baridi haiui bakteria, na weupe wa maji hausemi kilichomo. Dozi mbili za chanjo hukinga kama miaka 3, dozi moja kwa muda mfupi zaidi. Na tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, kampeni za mlipuko hutoa dozi moja. Wala haizuii taifodi.

Nina vidonda vya tumbo, nimeambiwa ni bakteria. Chanjo yake naipata wapi hapa Iringa? (Ipogolo)

Pole, kaka. Bado haipo, si Iringa wala kwingineko. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, aliwapatia Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005; Marshall alifikia hatua ya kumnywa mwenyewe, 1984, ili athibitishe anaumiza tumbo. Ni mjanja mno. Hutengeneza amonia inayopoza asidi pale alipo, kisha huzama ndani ya ute mzito. Mwili hutoa kingamwili nyingi, naye anabaki. Kwa panya imeonekana kwamba kinachomshinda ni aina fulani ya chembe nyeupe za damu, hata kingamwili zisipokuwepo, na kuziita chembe hizo tumboni kwa binadamu ndiyo kazi ngumu. Chanjo ya kunywa iliyojaribiwa kwa watoto China, matokeo yakatoka 2015, ilikinga kwa karibu asilimia 72 mwaka wa kwanza. Mimi naliona hilo kuwa tumaini la kweli, lakini haijafika sokoni.

Wewe tumia dawa: ya kupunguza asidi pamoja na antibaiotiki, kwa kawaida siku 14, umalize hata maumivu yakiisha siku ya nne. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka huu nimepimwa taifodi mara nne, zote ninayo. Inawezekana? (Mwanjelwa)

Huenda hukuwa nayo hata mara moja, dada yangu. Kama ulipimwa kwa Widal, kipimo hicho cha damu hutafuta kingamwili, si bakteria, na kingamwili hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kupona. Nyingine huletwa na maambukizi tofauti. Homa ikirudi, omba damu ioteshwe maabara kabla hujameza antibaiotiki yoyote, maana ukitangulia kuzimeza, bakteria wanaweza wasiote.