Mkuu, hizo milioni 15 za vishikwambi usizitoe bado

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema unafundisha Historia na Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili kwenye shule binafsi huko Lindi, mmetengewa milioni 15, na unauliza ununue vishikwambi vya kampuni gani, uweke programu gani, masomo hayo mawili uyaunganishe vipi, na wazazi uwaambieje kuhusu mchango mpya. Usiende dukani. Shule niliyofundisha kabla ya kuhamia serikalini ilipita njia hiyo hiyo, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Hasara ya pesa ilionekana upesi. Watoto walikuwa wengi kuliko vifaa, wakakaa watatu watatu: mmoja anashika, wawili wanachungulia. Kipindi ni dakika 40. Toa muda wa kugawa, kukumbuka nywila, kusubiri mtandao na kukusanya, kinachobaki hakitoshi hata kusoma aya moja kwa sauti. Bando liliisha katikati ya wiki. Umeme ukikatika usiku, asubuhi vyote vimezima. Programu yenyewe ililipiwa kwa mwaka, mwaka ulipoisha masomo yakafungwa.

Lakini pesa hutafutwa, zikapatikana tena. Kilichotugharimu kweli ni kwamba watoto waliacha kuandika. Programu ile ilikuwa ya maswali ya kuchagua: unagusa A, B, C au D, inalia, unapata nyota. Mary Leakey aligundua wapi fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959? Gusa Olduvai, nyota. Nani aliwaongoza Wahehe dhidi ya Wajerumani? Gusa Mkwawa, nyota. Darasa lina furaha, mkuu wa shule akipita dirishani anatabasamu, wageni wakija wanapiga picha. Kumbe mtoto hajaandika sentensi nzima ya Kiingereza tangu muhula uanze!

Na unajua hali yetu. Wengi wanaingia kidato cha kwanza wakitokea shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili, halafu Historia wanaikuta kwa Kiingereza. Asiposema na kuandika miaka hiyo miwili, atasema lini? Tulipotoa mtihani wa majaribio wa kidato cha pili wakakutana na maswali ya kujieleza. Mtoto ukimuuliza kwa Kiswahili anakusimulia vizuri, na mwaka anautaja. Kwenye karatasi kuna maneno matatu ya Kiingereza yasiyoungana. Wanyonge ndio walioumia zaidi, maana kwenye kundi la watatu anayegusa kioo siku zote ni yule anayejua. Wale wengine walikaa muda wote huo kimya, na hakuna nyota iliyotuonyesha kwamba wako kimya.

Aliyetuingiza huko ni mwezeshaji wa semina, mtu wa suti na slaidi, aliyetuambia mwalimu wa chaki amepitwa na wakati. Hakuwahi kuingia darasani kwetu. Hakufungua muhtasari wa somo. Hakuuliza watoto wetu wanaweza kusoma Kiingereza cha kiwango gani. Baadaye tukaja kujua kwamba duka alilotuelekeza lilikuwa likimpa asilimia yake. Nina hasira naye hadi kesho. Yeyote anayekutajia aina ya kifaa kabla hajauliza unafundisha nini, mpe maji ya kunywa na umsindikize getini.

Kanuni yangu ni moja na nitaing'ang'ania: usinunue kifaa kabla hujaandika swali ambalo mtoto atalijibu kwa maneno yake mwenyewe, na kabla hujalijaribu swali hilo kwa kifaa ulicho nacho sasa hivi.

Mimi sasa niko shule ya serikali, Iringa. Nina kishikwambi kimoja, miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu, na spika ndogo. Swali letu ni hili: fuvu lililoko kwenye makumbusho ya Kalenga, huku Iringa, ni la Mkwawa kweli?

Watoto wanajua kwamba aliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, kamanda wao Zelewski akafa, na kwamba mwaka 1898 alijipiga risasi asikamatwe. Wanajua kichwa kilipelekwa Ujerumani. Wasichojua ni kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule ule wanaoukariri kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Nakipakua nyumbani, nakiandika ubaoni neno kwa neno, na hapo Kiingereza kinafundishika: nani anaamriwa, afanye nini, kwa nani, na sentensi hii ndefu ya kisheria ukiikata vipande inasemaje. Miezi sita ikapita, miaka ikapita. Fuvu lilirudi 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kuonyeshwa mafuvu mengi, na kuchagua moja lenye tundu la risasi na vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa za Mkwawa.

Hapo darasa linalipuka. Upande mmoja unatetea, wa pili unapinga. Kila mmoja anaandika aya fupi kwenye daftari, tunarekebisha, kisha kwa zamu wanajirekodi kama watangazaji wa redio. Wakijisikiliza kwenye spika wanaanza wenyewe: "Mwalimu, hapa nimekosea, naomba nirudie." Mtoto wa kidato cha kwanza anaomba kurudia sentensi ya Kiingereza kwa hiari yake! Wakitoka hapo wanakwenda kumuuliza bibi au babu alisikia nini kuhusu Mkwawa, wanaandika kwa Kihehe au Kiswahili, na darasani tunahangaika pamoja kukisema kwa Kiingereza. Mada ya masimulizi kama chanzo cha historia imeshaingia, na hakuna aliyesinzia.

Simu za wanafunzi hatuzihitaji, na shuleni haziruhusiwi. Kifaa kimoja mkononi mwa mwalimu kinatosha kuanzia.

Na wewe uko Lindi, mkoa wenye Kilwa! Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka 1331 na akaandika alichokiona. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Mpe mtoto ramani ya Bahari ya Hindi, habari za pepo za msimu na swali hilo moja, uone kama atakuomba nyota. Atataka kueleza, na kwa kuwa kipindi ni cha Kiingereza, atayatafuta maneno.

Ukilijaribu ukaona kifaa kimoja kinakukwamisha, utajua mwenyewe ulichopungukiwa ni spika, projekta au kitu kingine, na utanunua hicho tu. Andika swali lako la kwanza hapa hapa kwenye uzi, hata kwa Kiswahili, tuliangalie pamoja kabla fedha hazijatoka.