Mlango wa kabati katika trela: uzito na mshiko kwanza

Fundi seremala aliyejifunza kazi Morogoro, Bukavu au Mombasa, anapoingia kwa mara ya kwanza katika karakana ya matrela ya kusafiria hapa Marekani, na hasa huku kaskazini mwa Indiana ambako kaunti ya Elkhart imekuwa kitovu cha uundaji wa nyumba hizi za magurudumu tangu miaka ya 1930, hushangazwa na wepesi wa kila kitu. Huushika mlango wa kabati, huugonga kwa kidole, kisha humtazama aliyempokea kana kwamba ametaniwa. Huko alikotoka, mlango mzuri ni wa mninga au mvule, na uzito wake ni sehemu ya sifa zake. Kwa hiyo mteja anapomletea trela na kuomba milango ya kabati ibadilishwe, jambo la kwanza linalomjia fundi mgeni ni kuiondoa ile myepesi na kuweka mingine ya mbao ngumu. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, kwa sababu sehemu kubwa ya milango inayorudishwa karakanani kwetu ikiwa imeng'oka imetokana na wazo hilo.

Mlango wa kawaida wa kabati la trela ni fremu nyembamba ya mbao laini au ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) iliyovishwa karatasi ya vinili yenye picha ya mbao, na katikati yake ipo paneli ya plaiwudi ya milimita 3 hadi 5. Chukua mlango wa sentimita 40 kwa 60. Ukiwa umeundwa hivyo, uzito wake ni karibu kilo 1. Ukiukata mlango wa kipimo hicho hicho kutoka katika ubao wa MDF wa milimita 18, unapata zaidi ya kilo 3. Trela lenye milango 10 ya namna hiyo huongezewa zaidi ya kilo 20 kabla mwenyewe hajapakia hata sufuria moja, na uzito huo wote hutoka katika kile kiwango cha mizigo kilichoandikwa kwenye kibandiko ambacho mara nyingi hukaa karibu na mlango wa kuingilia. Kisomeni kibandiko hicho kabla ya kukubali kazi. Ipo mifano ambayo kiwango kilichobaki ni kidogo kiasi kwamba maji ya tangi na nguo za familia hukimaliza.

Lakini uzito wa jumla si ndio unaovunja mlango. Kinachouvunja ni kwamba nyumba hii inatembea. Gurudumu likitumbukia shimoni, kabati lote hurushwa juu na kurudi chini, na kwa nukta hiyo bawaba hubeba mzigo mkubwa kuliko ule ulioupima kwenye mizani. Bawaba yenyewe ni ya chuma na huvumilia. Kinachoachia ni mbao inayoishika skrubu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba swali la kwanza kwa kila badiliko si namna mlango utakavyoonekana, bali ni kitu gani kitakachoishika skrubu, na kwa unene gani.

Kabla ya kupima chochote, lisawazisheni trela. Fremu ya chuma iliyo chini hujipinda kidogo kulingana na mahali lilipoegeshwa na namna jeki za pembeni zilivyokazwa, na upindaji huo hupanda hadi kwenye makabati. Uwazi uliopimwa trela likiwa limeinama upande mmoja hautakuwa sawa na uwazi ule ule likiwa limesimama vizuri. Tumieni pima maji sakafuni, kwa urefu na kwa upana, kisha pimeni mishazari yote miwili ya uwazi wa kabati badala ya kuamini kwamba pembe zake ni za mraba kamili, kwani mara nyingi sivyo. Acheni nafasi ya milimita 2 hadi 3 kila upande kwa mlango unaoingia ndani ya fremu. Anayeacha nafasi nyembamba ili kazi ionekane ya ustadi atauona mlango wake umekwama trela likiegeshwa penye mteremko.

Sasa tuje kwenye bawaba, na hapa sitaharakisha. Wateja wengi huomba bawaba zilizofichika, zile zenye kikombe cha milimita 35 kinachozama ndani ya mlango, kwa sababu wameziona majikoni mwao. Kikombe hicho huhitaji shimo lenye kina cha milimita 12 au 13 hivi. Paneli ya katikati ni nyembamba mno, kwa hiyo shimo lazima likae kwenye ubavu wa fremu, na ubavu huo uwe na upana wa kutosha kulipokea shimo pamoja na ukingo wa milimita 3 hadi 6 unaobaki nje. Ubavu wa milimita 50 unatosha, ilhali wa milimita 38 hautoshi. Unene nao ni mtihani: mlango ukiwa na milimita 16, chini ya shimo hubaki milimita 3 au 4 tu, na ile ncha ya katikati ya biti ya kutobolea hutangulia mbele ya makali yake, hivyo inaweza kutokeza upande wa mbele wakati kina chenyewe bado hakijafika. Toboeni kwanza kwenye kipande cha majaribio chenye unene ule ule, na biti yenye ncha ndefu ipunguzwe kwa tupa.

Upande wa pili wa bawaba hukaa kwenye fremu ya kabati, ambayo mara nyingi ni ya mbao laini au ya plaiwudi nyepesi iliyofunikwa. Kwa skrubu ya milimita 3.5, tangulizeni tundu la milimita 2 hadi 2.5, kwa sababu skrubu inayosukumwa bila tundu hupasua nyuzi za mbao laini, na ukingo wa MDF hupasuka katikati. Kazeni kwa bisibisi ya mkono katika mizunguko ya mwisho. Drili haina huruma, na mbao hizi zikishazungushiwa skrubu kupita kiasi hazishiki tena. Mkikuta tundu lililolegea tayari, msilijaze vijiti vya kibiriti na kuondoka. Litoboeni hadi milimita 8, lipigeni kigingi cha mbao ngumu chenye gundi, subirini gundi ikauke, ndipo mtoboe tundu jipya katikati ya kigingi. Na pale ukuta wa kabati ulipo mwembamba kuliko urefu wa skrubu, gundisheni nyuma yake kipande cha plaiwudi cha milimita 12 ili skrubu ipate nyama ya kuuma. Kipande hicho hakionekani na hakina uzito wa kutaja, nami nakithamini kuliko bawaba yoyote ya bei ghali.

Urefu wa skrubu una hatari nyingine. Nyuma ya makabati hupita nyaya za volti 12, nyaya za volti 120, mabomba ya maji na wakati mwingine bomba la gesi. Ukuta wa nje wenyewe ni mwembamba: plaiwudi, povu la kuhifadhi joto, kisha ngozi ya nje ya alumini au ya nyuzi za kioo. Ondoeni umeme wa nje na tenganisheni betri kabla ya kutoboa, tazameni ndani kwa taa, na fungeni alama ya utepe kwenye biti ili isipite kina mlichokusudia.

Badiliko ninalolipenda zaidi, na ambalo fundi aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki analiweza vizuri, ni kutoa paneli ngumu na kuweka wavu wa henzerani kama ule wa viti vya Unguja na Lamu. Mlango hupungua uzito, na kabati hupata hewa, jambo lenye maana kubwa katika chumba kidogo ambamo watu hupika na kupumua usiku wa baridi huku unyevu ukigandama kwenye kuta za nje na kuleta ukungu nyuma ya nguo. Loweka henzerani majini hadi ilainike, ibane kwenye mfereji uliochongwa nyuma ya fremu, kisha igandamize kwa ufito na gundi. Ikikauka hujivuta na kukaza. Mvuto huo una nguvu ya kuzipinda mbavu nyembamba ziingie ndani, kwa hiyo msiivute kwa mkono ikiwa mbichi. Iwekeni ikiwa imelala tu, na kazi ya kukaza iachieni ukaukaji. Kwa mlango mrefu, ongezeni mwamba wa katikati.

Kuna makabati ambayo tundu la hewa kwenye mlango wake si pambo. Tanuri la kupashia joto hufichwa chini ya kabati au nyuma ya mlango wenye mianya, na feni yake huvuta hewa ya chumbani kupitia hapo. Kitabu cha mtengenezaji wa tanuri hutaja eneo la chini kabisa linalotakiwa kuwa wazi, na eneo hilo ni jumla ya mianya yenyewe, si ukubwa wa mlango. Mteja akitaka mlango huo uzibwe kwa sababu haumpendezi, kataeni. Tanuri linalokosa hewa ya kurudi hupata joto kupita kiasi na kujizima usiku wa manane, tena katika majira ambayo huku nje ni barafu. Sheria hiyo hiyo ihusu vifaa vya umeme vinavyohitaji kupoa na kitambuzi cha gesi kilichowekwa karibu na sakafu: kisijikute nyuma ya mlango mpya.

Milango ya juu inayofunguka kwenda juu hushikiliwa na mikono ya gesi, yaani fito zinazousukuma mlango kwa gesi iliyoshindiliwa ndani yake, na nguvu ya kila mkono huandikwa ubavuni mwake kwa nyutoni, kama 60, 80 au 100. Nguvu hiyo ilichaguliwa kwa mlango wa awali. Ukiufanya mlango kuwa mzito, hautasimama wazi. Ukiufanya mwepesi sana, utafyatuka na kuzivuta skrubu za mkono zenyewe. Pimeni uzito mpya, mbadilishe mkono au sehemu ulipofungwa, na mkumbuke kwamba gesi hupoteza msukumo kwenye baridi, hivyo mlango uliosimama vizuri karakanani penye joto unaweza kumwangukia mtu kichwani mwezi Januari.

Kuhusu kinachoufunga mlango, sumaku peke yake haifai kwa kabati lenye vyombo. Kwenye kona, sahani huusukuma mlango kwa ndani na sumaku huachia. Wekeni kitasa cha kitufe au komeo linalonasa kweli, na kama unene wa mlango umebadilika, pimeni upya mahali pa kinasio chake, kwani tofauti ya milimita 2 inatosha kulifanya komeo lilegee au lisifike.

Mbao mnazonunua nazo zichaguliwe kwa makini. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, familia nyingi zilihifadhiwa katika matrela yaliyotolewa na serikali, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha formaldihaidi nyingi ndani yake, gesi inayotoka kwenye gundi za plaiwudi na mbao za chembechembe. Sheria ya mwaka 2010 iliweka viwango vya nchi nzima: sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi ya mbao ngumu na 0.11 kwa MDF. Tafuteni kwenye ubao alama ya TSCA Title VI, inayoonyesha kwamba umetimiza viwango hivyo, na mbao zisizo na alama msiziingize katika chumba ambacho watu watalala madirisha yakiwa yamefungwa.

Rangi nitaipitia upesi. Karatasi ya vinili isafishwe mafuta, ipigwe msasa mwepesi wa namba 220 bila kuichana, ipakwe rangi ya msingi inayoshika nyuso laini, kisha matabaka membamba mawili ya rangi yenyewe, kila moja likiachwa likauke vizuri.

Kazi ikiisha, pakieni kabati vitu vyenye uzito kama atakavyopakia mwenyewe, mlivute trela kwenye barabara mbovu iliyo karibu, kisha mrudi na bisibisi mkakague kila skrubu. Milango ya zamani mpeni mteja aende nayo, na mwambieni azikaze tena bawaba baada ya safari yake ya kwanza, kwa mkono, bila drili.