"Kujitia hamnazo": linafaa kwenye barua ya onyo?

SWALI: Mimi ni karani. Mkuu wangu kanipa rasimu ya barua ya onyo niichape, imeandikwa: "Uliambiwa mara tatu ulete risiti, ukajitia hamnazo." Hili neno ni sanifu au la mitaani? Na hiyo "zo" inasimamia nini?

JIBU: Ni sanifu, kwenye kamusi limo. Nianze na "zo", maana ndiyo yenye utamu. Inazirejelea akili. Watu husema "yule akili hamnazo", yaani kichwani mwake hazimo. Akili zisipotajwa, hamnazo linabaki limesimama peke yake na bado linaeleweka. (Ukiwauliza wenzako "funguo hamnazo?" hilo ni jingine, hapo ni ninyi msio nazo.)

Lakini anayejitia hamnazo akili anazo, tena timamu. Siri iko kwenye "jitia", kama katika kujitia kiziwi au kujitia wazimu. Chukua jirani unayemdai elfu ishirini. Mnakutana gengeni. Kakuona tangu ukiwa ng'ambo ya barabara, ila kainamia fungu la nyanya, anazigeuza moja moja kama ananunua za harusi. Ukimsalimu anaitikia vizuri tu, deni haligusi. Huyo ndiye kajitia hamnazo. Asiyejali kweli angekukazia macho, pengine akuombe na elfu tano nyingine.

Kwa hiyo usiliweke popote penye "kutojali". Kutojali ni hali ya moyo. Hamnazo ni maigizo. Kupuuza nako ni kwingine: mtu kasikia, kaamua kutotekeleza, wala hajifichi.

Kwenye barua mimi ningelitoa. Kwanza, mwenye hasira atasoma "hamnazo" tu, aseme kaambiwa hana akili. Pili, mnadai kujua yaliyo moyoni mwake, na yeye atajibu kwamba ujumbe haukumfikia. Andika: "Uliagizwa mara tatu kuleta risiti; hadi leo hujaleta," kisha utaje tarehe za hizo mara tatu. Tarehe zinamkaba mtu kuliko nahau yoyote. Hamnazo mkuu wako alitumie kwenye maongezi, huko linanoga.

Akishikilia libaki, basi angalau liwe neno moja. "Hamna zo" nimeshakutana nayo kwenye barua yenye mhuri.