Kikundi cha kuchangiana matibabu: nani atalazimika kulipa bili?

Swali: Mimi ni dereva wa lori hapa Columbus, Ohio. Lori ni langu, sina mwajiri. Tuko wanne: mimi, mke wangu ambaye ana presha na anameza dawa kila siku, na watoto wawili. Sote ni raia. Ada ya bima kwenye soko la serikali imetushinda. Mwenzetu kanisani ametuelekeza kwenye kikundi cha Kikristo cha kuchangiana matibabu. Mchango wa mwezi ni kama nusu ya ada ile. Tukihamia huko tutakuwa na bima?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hamtakuwa na bima. Wala vikundi vyenyewe havifichi: soma mwongozo wa wanachama na utakuta imeandikwa kwamba hii si bima na hakuna ahadi kuwa bili yako italipwa. Kampuni ya bima imefungwa na mkataba. Ikigoma kulipa unakata rufaa, na ukishindwa ndani ya kampuni unaweza kudai mhakiki wa nje. Kikundi kikigoma, rufaa yako mara nyingi inaamuliwa kwa taratibu za kikundi chenyewe, na majimbo mengi yameviweka vikundi hivi nje ya sheria zao za bima.

Sisi tuliokulia kwenye vyama vya kufa na kuzikana mpango huu hutuingia upesi, na sisemi kwamba ni utapeli. Christian Healthcare Ministries, ya huko huko Ohio, ipo tangu 1981. Ila kwenye chama cha nyumbani mweka hazina unamjua na kwao unapajua. Waliojiunga na Trinity HealthShare, baadaye ikaitwa Sharity, hawakuwa na bahati hiyo. Kikundi kiliomba kufilisika Julai 2021, baada ya majimbo kadhaa kuchukua hatua dhidi ya Aliera, kampuni ya biashara iliyokuwa ikikiendesha. Familia nyingi zilibaki na bili za hospitali mkononi.

Kwenu mimi nahofia zaidi presha ya mkeo. Bima ya soko la serikali haiwezi kumkataa wala kumtoza zaidi kwa ugonjwa aliokuja nao. Ndivyo sheria ya bima ya afya ya 2010, ile iitwayo Obamacare, ilivyo. Vikundi vingi huweka muda wa kusubiri au ukomo wa malipo kwa maradhi ya zamani. Vingine hulegeza kamba presha ikiwa imedhibitiwa, kwa hiyo uliza. Lakini usiulizie vidonge tu, maana hivyo ni senti. Uliza hivi, kwa maandishi: akipata kiharusi au figo zikianza kusumbua mwaka ujao, mtahesabu ni ugonjwa mpya au ni tawi la ule wa zamani? Mkitarajia mtoto mwingine, uliza pia mimba inakubaliwa ikitungwa lini.

Hospitalini mtahesabiwa kama watu wasio na bima. Faida yake ni kwamba tangu 2022 mnaweza kudai makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya matibabu yaliyopangwa, na bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi mnaweza kuipinga. Kwa dharura ya usiku, hayo hayasaidii.

Sasa kabla hujasema ada imekushinda: ulijaza kipato gani? Madereva wengi wenye lori lao huandika jumla ya malipo ya mizigo. Kinachohesabiwa kwenye ruzuku, yaani msaada wa serikali unaopunguza ada, ni faida, yaani kinachobaki baada ya dizeli, matengenezo, bima ya lori na uchakavu. Tofauti hapo inaweza kuwa makumi ya maelfu ya dola, na ruzuku ikabadilika kabisa. Watoto nao huenda wakastahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hata kama ninyi wazazi kipato chenu kimevuka kiwango cha watu wazima. Rudi Healthcare.gov, tovuti ya soko la serikali, na karatasi zako za kodi, au tafuta msaidizi wa kujiandikisha, hatozi kitu.

Mngekuwa vijana wawili wenye afya, wenye akiba nono benki na wanaokubali masharti ya imani, ningesema jaribuni mkitaka. Kwenu, hapana.

Ukiamua kwenda hata hivyo, jua kwamba kutoka kwenye kikundi hakukufungulii mlango wa bima katikati ya mwaka, kwa sababu sheria haikuhesabu kama mtu aliyepoteza bima. Mkikorofishana nacho Machi, na hakuna jambo kama kuzaliwa mtoto, mtasubiri dirisha la kujiandikisha linalofunguliwa 1 Novemba, na bima itaanza Januari. Kwa hiyo usikatishe bima ya sasa mpaka wamekujibu kwa maandishi swali la kiharusi.