Swali la Lugha: "Mionzi Mikali" au "Mionzi Yenye Nishati Kubwa"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Ninaandaa kwa Kiswahili somo la astronomia ya nishati ya juu, nikitumia masomo ambayo programu za elimu za vyombo vya anga-nje, hasa darubini za Fermi na Chandra, huwapa walimu bila malipo. Sentensi yangu ya kwanza inasema: "Fermi aligundua mionzi mikali sana kutoka angani, ambayo haiwezi kufika ardhini kwa sababu huzuiwa na anga." Mwenzangu mmoja anataka niandike "mionzi yenye nguvu", mwingine anashikilia "mionzi ya nishati ya juu" kama ilivyo katika jina la somo. Yupi yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, mtu anayeijua mada ataielewa sentensi yako bila taabu, na atawaelewa wenzako wote wawili. Lakini somo limeandikwa kwa ajili ya yule ambaye bado haijui, na huyo hana njia ya kupata maana isipokuwa kupitia maneno uliyomwekea. Kwa jicho lake, sentensi hii fupi ina mambo manne ya kurekebisha, na ubishi wenu umegusa moja tu.

Nianze na hilo. Tunaposema taa ni kali au jua ni kali, tunamaanisha kwamba mwanga au joto limezidi hadi linaumiza macho au ngozi. Ukali wa mwanga hutegemea sana wingi wa fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazofika mahali kwa wakati mmoja, ilhali nishati inayozungumzwa katika somo lako ni ile inayobebwa na kila fotoni peke yake, ziwe nyingi au iwe moja tu. Fotoni ya mwanga mwekundu ina takriban elektronivolti 2 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Fotoni za eksirei zinazopimwa na Chandra zina kati ya elektronivolti 100 na 10,000 hivi, na kipokezi kikuu cha Fermi, kinachopokea mionzi ya gama, huanzia kwenye elektronivolti milioni 20 na kuvuka bilioni 300. Kwa hiyo chanzo cha mionzi ya gama kinaweza kuwa hafifu mno, kikatuletea fotoni za kuhesabika, na bado kila moja ikawa na nishati inayozidi ile ya fotoni nyekundu kwa mara milioni 10 au zaidi. Jua la mchana nalo, pamoja na ukali wake wote, mwanga wake tunaouona ni wa fotoni za elektronivolti 2 au 3 tu.

Mwanafunzi aliyekua akisikia "jua kali" atakapokutana na "mionzi mikali" ataamini anaelezwa habari za mwangaza. Baadaye mtafika mahali ambapo somo linaeleza kuwa Fermi huizunguka dunia ikilikagua anga lote tena na tena kwa miaka, ili kukusanya fotoni za kutosha kutoka katika vyanzo hafifu, naye atashangaa kwa nini kitu kikali kinatafutwa kwa subira kiasi hicho. Mshangao huo hautatokana na uzito wa fizikia, utatokana na kivumishi.

Hii haina maana kwamba "kali" lifutwe katika somo zima. Tarehe 9 Oktoba 2022 vyombo kadhaa vya anga-nje vilipokea mlipuko wa mionzi ya gama ambao ulikuwa mkali kuliko mwingine wowote uliokwisha kurekodiwa, hata baadhi ya vipokezi vya Fermi vikazidiwa na wingi wa fotoni. Hapo "mlipuko mkali" ndiyo kauli yenyewe, na ningekushauri uutumie mfano huo darasani, kwa kuwa unaweka maneno hayo mawili mbele ya mwanafunzi kwa pamoja: kila fotoni ilikuwa na nishati kubwa kwa sababu ni ya gama, na mlipuko ulikuwa mkali kwa sababu fotoni zenyewe zilimiminika.

Kuhusu "nguvu", neno hilo limebebeshwa kazi nyingi mno. Betri huisha nguvu, dawa huwa na nguvu, gari huwa na nguvu, na vitabu vya sayansi vimelitumia mara kwa maana ya kani inayosukuma, mara kwa maana ya kiasi kinachopimwa kwa wati. Mwanafunzi wa fizikia amekwisha fundishwa kutenganisha nishati na kani, na si haki kumrudisha nyuma. "Nishati" ni neno lililo wazi na halina mshindani, basi litumike.

Mwenzako wa pili ndiye aliye karibu zaidi na usahihi, ila nina shaka na "ya juu". Kiswahili kimezoea "elimu ya juu" na "kiwango cha juu", hivyo muundo wenyewe si mgeni. Lakini hili ni somo la vitu vilivyo juu. Mwanafunzi akisoma "mionzi ya nishati ya juu" katika ukurasa wenye picha ya nyota, ana kila sababu ya kudhani ni nishati itokayo huko juu, na dhana hiyo haitamletea mgongano wowote wa kumzindua, kwa sababu mionzi kweli inatoka juu. Mimi ningeandika "mionzi yenye nishati kubwa". Katika jina la somo unaweza kubaki na "astronomia ya nishati ya juu" ukitaka lifanane na yanayotumiwa na wengine, mradi aya ya kwanza ieleze maana yake. Nimefurahi pia kwamba hukuandika "unajimu", kwani wasomaji wengi hulihusisha neno hilo na utabiri wa mambo yajayo.

Sasa njoo kwenye "anga". Umelitumia mara mbili: mionzi inatoka angani, kisha inazuiwa na anga. Mwanafunzi makini atauliza imetokaje mahali panapoizuia. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha maana hizo: "anga-nje" ni eneo lililo nje ya dunia yetu, na "angahewa" ni tabaka la hewa linaloizunguka dunia. Tofauti hii ndiyo kiini cha somo lako, maana angahewa ndilo linalotulazimisha kurusha darubini hizi. Fermi huzunguka takriban kilomita 550 juu ya ardhi, na Chandra katika njia yake ndefu hufika zaidi ya theluthi ya umbali wa kwenda mwezini. Kama maana mbili zimechanganywa katika neno moja, sababu ya gharama na tabu hiyo yote haionekani.

Linabaki "Fermi aligundua", lenye makosa mawili. La kwanza ni upatanisho. Enrico Fermi, mwanafizikia, alifariki mwaka 1954. Darubini iliyopewa jina lake ilirushwa mwaka 2008. Kiambishi "a-" humrejelea mtu, na "i-" huirejelea darubini, kwa hiyo "Fermi aliandika" na "Fermi ilinasa" hazihitaji maelezo ya ziada. Fanya vivyo hivyo kwa Chandra, iliyorushwa mwaka 1999 na kupewa jina la kumkumbuka Subrahmanyan Chandrasekhar, jina lililoteuliwa kutokana na shindano ambalo washindi wake walikuwa mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja wa sekondari. Mfano mzuri kuliko yote ni setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa astronomia ya eksirei. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Uhuru wa nchi ulipatikana mwaka 1963. Uhuru ya anga-nje ilirushwa mwaka 1970, na kazi yake ikazaa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Wahariri wengine wangesahihisha "Uhuru ilirushwa" kuwa "ulirushwa", nawe usikubali, kwa sababu jina la chombo hufuata ngeli ya chombo.

Kosa la pili liko katika kitenzi. Kugundua ni kukuta jambo ambalo halikujulikana, na mionzi ya gama iligunduliwa na Mfaransa Paul Villard mwaka 1900. Darubini inayopokea mionzi hiyo kila siku "huinasa" au "huipima". Hifadhi "kugundua" kwa mahali panapostahili: mwaka 2010, kwa mfano, wanaastronomia walitangaza kwamba katika data za Fermi wamegundua mapovu mawili makubwa ya mionzi ya gama, moja juu na jingine chini ya kitovu cha galaksi yetu, kila moja likiwa na urefu wa takriban miakanuru 25,000.

Ukiyazingatia hayo, sentensi yako itasomeka hivi: "Darubini ya Fermi hunasa mionzi ya gama, ambayo ni mionzi yenye nishati kubwa sana, kutoka anga-nje, na mionzi hiyo haifiki ardhini kwa sababu huzuiwa na angahewa." Nimeandika "haifiki" badala ya "haiwezi kufika" kwa makusudi, ili mwanafunzi asidhani kwamba mionzi hiyo haiwezi kuchunguzwa kabisa kutoka ardhini. Fotoni za gama zenye nishati kubwa kupita kiasi zikigonga angahewa huzaa mvua ya chembe na mmweko hafifu wa mwanga wa buluu, na darubini za ardhini kama zile za H.E.S.S. huko Namibia hutumia mmweko huo kuzichunguza. Mwanafunzi akikuuliza darubini hizo zinaona nini ikiwa mionzi imezuiwa, mjibu kwamba zinaona alama iliyoachwa na mionzi hewani, kisha umwache aandike sentensi yake mwenyewe.