Kabla Hujafuta Draiva: Kwa Mafundi Wapya wa Mitandao Arusha

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, msitegemee kuanza na seva. Mtaanza na printa. Simu itaita saa mbili asubuhi, dada wa mapokezi atakwambia, "Fundi, printa imegoma," halafu atakata.

Mimi yalinikuta Julai, mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye ofisi moja ya utalii upande wa Njiro. Msimu umechanganya, magari ya kwenda Serengeti yako nje yanaunguruma, na ratiba za wageni hazitoki. Nikafuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, nikaweka upya. Nikazima ruta, nikawasha. Nikabadilisha hata kebo. Saa tano ndipo dada wa uhasibu akapita na kikombe chake cha chai, akasema, "Kaka, si ubonyeze hicho kitufe cha kijani?" Akakibonyeza yeye. Zikatoka zote.

Faili lilitoka kwa wakala wa Marekani, limetengenezwa kwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Kwenye trei kuna A4, 210 kwa 297. Printa ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inasubiri karatasi ambayo mimi sijawahi kuiona kwenye steshenari yoyote ya mjini hapa, na kitufe kile kiliiambia itumie iliyopo.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma IPP, itifaki ya kuprinti kupitia intaneti. Kabla yake wengi walitumia LPD, itifaki ya zamani ya kutuma kazi kwa printa, iliyoandikwa kwenye RFC 1179 ya mwaka 1990 (RFC ni hati zenye namba zinazoeleza kanuni za intaneti). Ukiiuliza foleni ikoje inakujibu, ila jibu ni maandishi ambayo kila mtengenezaji aliyapanga anavyotaka. Mtu ataelewa, programu itabahatisha. Kazi ya IPP ilianza 1996, toleo 1.0 likatoka 1999, 1.1 mwaka 2000, na maandishi yake yakaandikwa upya 2017. Inapita juu ya HTTP, njia ile ile inayoleta kurasa za wavuti, poti 631. Waliokaa mezani ni makampuni yanayogombania wateja wale wale, ndani ya Printer Working Group, kundi la watengenezaji wa printa, na IETF, chombo kinachoandika viwango vya intaneti.

Nilidhani nitakuta habari za nyaya. Nikakuta kurasa na kurasa za majina. A4 kwao ni iso_a4_210x297mm, na Letter ni na_letter_8.5x11in. Litazame jina hilo vizuri: kwanza nani alikiweka kipimo (iso ni shirika la kimataifa la viwango, na ile "na" ni Amerika Kaskazini), kisha jina lake, kisha vipimo vyenyewe. Programu isiyowahi kusikia habari za karatasi hiyo bado inaweza kusoma upana na urefu. Mimi naona hapo ndipo akili yote ya kazi hii ilipo.

Hali ya printa nayo iko hivyo hivyo. Hali ni tatu tu: imetulia, inafanya kazi, imesimama. Sababu zinatajwa pembeni: karatasi imeisha, imekwama, mfuniko uko wazi, tona inakaribia kuisha. Zimetenganishwa kwa kuwa tona ikipungua printa haisimami, na mfuniko ukifunguliwa inasimama. Ukivichanganya, bosi atanunua tona mpya wakati kuna kikaratasi kimenasa nyuma.

Mkisoma hati hizi, angalieni maneno yanayosema lazima, inafaa na hiari. RFC 2119 ya 1997 imeyapa maana moja moja. Niliwahi kubishana na muuzaji wiki nzima juu ya kitu ambacho kiwango kilisema ni hiari. Nilishindwa, na nilistahili.

Baadaye niliandika mwongozo wa kurasa mbili kwa ofisi ninazozihudumia. Rasimu ya kwanza ilisema "printa ipangwe vizuri." Vizuri kwa nani? Sasa inasema: karatasi ya msingi ni A4, faili la Letter likija, lazima lipunguzwe liingie A4 bila kumsubiri mtu. Hilo unaweza kulijaribu ukaona limefaulu au limefeli. Na lijaribu kwenye printa za watengenezaji wawili tofauti. IETF yenyewe haikipandishi kiwango daraja la juu kabisa mpaka pawe na angalau watekelezaji wawili, kila mmoja kivyake, na kazi zao zielewane.

Hati za RFC na za Printer Working Group ni bure. Za ISO zinauzwa, kwa hiyo msianzie huko.

Kwenye Linux au Mac kuna kaprogramu kanaitwa ipptool. Iulizeni printa sifa zake kabla ya kugusa chochote. Mistari itakuwa mingi. Tafuteni wa media-ready, ndio unaotaja karatasi iliyomo sasa hivi. Ile ya Njiro nilikuja kuiuliza miezi kadhaa baadaye. Trei zote mbili zilijibu iso_a4_210x297mm.